Uliza Shangazi: Bosi wa zamani kagoma kunirudisha, sheria inasemaje?

Mwezi huu barua karibu zote zinalia kilio kimoja, watu waliotoka kazini wanataka warudi na geti limefungwa. Nimechukua tano. Majina nimebadilisha, na makampuni siyataji maana sina upande wao wa hadithi. Alafu kitu kimoja kabla hatujaanza, nikisema "sheria" tu jua nasemea Sheria ya Ajira ya 2006, na namba za vifungu siziandiki kwa makusudi kwa sababu sheria za Uganda zilipangwa upya juzijuzi na namba zikahama, ukienda na namba ya zamani wakili wa kampuni atakuchekea mbele za watu.

Shangazi shikamoo. Nilikuwa naendesha mashine kwenye kiwanda kimoja hapa Jinja, miaka saba. Mwezi wa pili meneja alituita watu 34 akasema oda zimepungua nendeni nyumbani mtapigiwa simu. Tukapewa mshahara wa mwezi huo na karatasi ya Kiingereza ya kusaini, tukasaini. Tangu hapo kimya, sasa ni miezi mitano. Juzi jirani yangu wa Walukuba kaniambia kiwanda kinachukua watu, nikakimbia asubuhi, askari wa geti ambae tulikuwa tunakula nae posho ananiambia baba Salima jina lako liko kwenye listi ya wasioingia. Na nilipochungulia nikaona kijana mgeni kwenye mashine yangu. Naweza kuwalazimisha wanirudishe? Wenzangu wanasema twende polisi. – Baba Salima, Jinja

Marahaba baba Salima. Pole, hasa hiyo ya kuona mtu kwenye mashine yako, hiyo inauma kuliko hata mshahara.

Polisi wasamehe kwanza. Polisi hawana la kufanya hapo, na LC1, mwenyekiti wa kijiji, hivohivo, atakuandikia barua nzuri yenye muhuri na kampuni itaiweka kwenye droo. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanapoteza wiki sita wanazunguka kwa mwenyekiti, kwa sheikh, kwa mbunge, na huku saa ya sheria inakimbia. Mlango wako ni afisa wa kazi wa wilaya, yule tunaemwita leba ofisa, yuko makao makuu ya wilaya (walioko Kampala wanaenda KCCA, mamlaka ya jiji). Kufungua malalamiko kwake ni bure na huhitaji wakili.

Sasa swali lako. Jibu la moja kwa moja ni kwamba hakuna sheria Uganda inayosema mwajiri aliyekuachisha lazima akuchukue tena akianza kuajiri. Najua hukutaka kusikia hivo. Ukienda kwa leba ofisa ukasema tu "wanaajiri wengine na mimi wamenikataa" atakusikiliza kwa huruma alafu atakurudisha nyumbani. Kesi yako haiko pale getini mwezi huu, iko kule mwezi wa pili siku mliyoambiwa nendeni. Pale ndo waliharibu, tena waliharibu vibaya, na hawa vijana wapya ulowaona ni ushahidi wako tu.

Angalia. Umefanya kazi miaka saba, mtu aliyefika miaka mitano lakini hajafika kumi anapewa notisi ya miezi miwili au analipwa hela yake badala yake. Wewe umepewa mshahara wa mwezi uliofanyia kazi, yani umelipwa jasho lako tu, notisi hujalipwa hata shilingi. Hapo tayari wana deni. Alafu mlikuwa watu 34. Sheria inasema mwajiri akitaka kuachisha watu kuanzia 10 ndani ya miezi mitatu kwa sababu za uchumi, mashine mpya, kupanga upya kampuni na mambo kama hayo, lazima amwandikie Kamishna wa Kazi aeleze sababu, idadi na lini, na kama kuna chama cha wafanyakazi awape taarifa wawakilishi wao. Muulize leba ofisa kama hiyo barua ipo. Mara nyingi haipo. Na tena, mwajiri ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha sababu ya kuachisha mtu. Atasimama aseme oda zilipungua, na leba ofisa atamuuliza, oda zilizopungua mwezi wa pili mbona mwezi wa saba mashine ileile ina mtu? Hapo ndo yule kijana anakusaidia bila kujua.

Kuhusu "mtapigiwa simu". Hii nimeisikia tangu 2020 wakati wa lokdauni na haijafa mpaka leo. Sheria haina chumba cha mtu aliyening'inia, hajafukuzwa, hajalipwa, anangoja simu. Inayo ya kusimamishwa wakati wa uchunguzi, na hiyo ni wiki nne zisizozidi na unalipwa angalau nusu mshahara, wewe hukuwa na uchunguzi wowote. Kwa hiyo mimi naona uliachishwa. Ila wao watasema nini? Watasema muda umepita. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanafunguliwa ndani ya miezi mitatu na wewe umefika mitano. Usife moyo, sheria imempa leba ofisa nafasi ya kupokea malalamiko yaliyochelewa ukionyesha ni haki na busara kuyapokea, na wewe sababu unayo nzuri tu, uliambiwa utaitwa, ulikaa unangoja kwa nia njema, ukajua umetupwa siku ile askari alipokusomea listi. Andika tarehe ya siku hiyo. Nenda wiki hii, si mwisho wa mwezi. Kila siku unayokaa baada ya kujua inakula hiyo sababu yako.

Na ile karatasi ya Kiingereza. Watakuletea watasema ulisaini kwamba huna madai. Makubaliano yanayofuta haki ambazo Sheria ya Ajira imekupa hayana nguvu, kwa hiyo usitetemeke ukiiona, lakini pia usiikane kama sahihi ni yako. Sema ukweli, ilikuwa Kiingereza, hatukusomewa, tuliambiwa saini upate hela. Wenzako 33 walisaini siku hiyohiyo, watasema hivohivo.

Je, unaweza kurudishwa? Kwenye maandishi ndio. Leba ofisa akiona uliachishwa isivyo haki anaweza kuamuru urudishwe kazini, na sheria inasema afanye hivo isipokuwa wewe mwenyewe hutaki, au mambo yaliyotokea yanafanya kukaa pamoja kusivumilike, au haiwezekani kwa vitendo, au kosa la mwajiri lilikuwa la utaratibu tu. Ukizisoma hizo isipokuwa utaona ni mlango mpana kama geti la ng'ombe, na mwajiri hupita hapo akiimba. Mahakama zetu nazo hazipendi kumlazimisha mtu kukaa na mfanyakazi asiyemtaka, hata Mahakama ya Juu kwenye kesi ya aliyekuwa mfanyakazi wa Benki Kuu ilikataa hesabu ya kulipwa miaka yote iliyobaki mpaka kustaafu. Kwa hiyo omba kurudishwa, liandike kabisa kwenye malalamiko, lakini kichwani mwako panga hela.

Hela yenyewe ni hivi. Notisi ya miezi miwili. Likizo ambazo hukuchukua, ni siku 7 kwa kila miezi minne yani 21 kwa mwaka. Fidia ya msingi ya mshahara wa wiki nne kama ikionekana hukutendewa haki, na leba ofisa anaweza kuongeza juu yake kuanzia mwezi mmoja mpaka mitatu. Alafu kuna kiinua mgongo cha kuachishwa, mtu aliyefanya miezi sita na zaidi akaachishwa isivyo haki anastahili, kiasi kinatakiwa kukubaliana na mwajiri au chama, na pale ambapo hakuna makubaliano Mahakama ya Viwanda (Industrial Court, ile ya migogoro ya kazi) imeshatumia hesabu ya mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Miaka saba hiyo baba Salima. Kama kijijini kwenu mlikochukuliwa ni mbali zaidi ya kilomita 100 na hapo kazini, nauli ya kurudi nayo ni ya mwajiri, watu wengi hii hawaijui.

Usiende mikono mitupu. Kadi ya kazi, slipu za mshahara, meseji za pesa za simu. Kama vyote huna, toa taarifa ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, kwenye simu yako kwa app ya NSSFGo, inaonyesha kila mwezi mwajiri aliokuchangia, asilimia 10 yake na 5 yako, na hapo hawezi kusema hakujui. Kama alikukata 5 na hakupeleka, umepata kesi ya pili bila kuitafuta. Tangazo la kazi likibandikwa getini piga picha. Na muulizeni aliyekuwa kiongozi wenu wa chama kama kuna mkataba wa pamoja kati ya chama na kiwanda, kwa sababu mikataba mingine ina kipengele kwamba kazi zikirudi walioachishwa wanaanza. Kikiwepo hicho, basi nafuta nusu ya niliyoandika juu, hapo una haki ya kuitwa kabisa.

Mwende wengi. Mtu mmoja kwa leba ofisa ni malalamiko, watu 20 ni kitu kingine.

Habari Shangazi. Mimi nilikuwa keshia kwenye supamaketi moja Mbale miaka mitatu na nusu. Mwenye nayo kauza, mwenye mpya kaja Jumatatu anatuambia wote 18 tuombe kazi upya. Tumeomba, kachukua 11, saba tumeachwa, na hao 11 wameanzishwa probesheni kama wageni. Tulipouliza akasema "mimi nimenunua duka, sikununua watu." Mwenye zamani hashiki simu. – Dada wa Kaunta

Dada, hiyo kauli yake tamu kweli, ina mapigo, ila kisheria kanunua watu pia na hajui.

Biashara ikihamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, nzima au sehemu, mikataba ya wafanyakazi waliopo siku hiyo inahama yenyewe kwenda kwa mnunuzi. Haiombwi upya. Miaka yenu mitatu na nusu inahesabika kwake kana kwamba mlianza nae yeye. Hivo hao 11 hawawezi kuwekwa probesheni, na nyie saba hamkukosa kuajiriwa, mliachishwa kazi, na aliyewaachisha ni yeye. Mkienda kwa leba ofisa msiseme "ametukataa kazi" semeni "ametuachisha bila notisi, bila kusikilizwa". Maneno haya mawili yanabadilisha kesi yote. Miezi mitatu inahesabika tangu Jumatatu hiyo, na kwa vile mna zaidi ya wiki 13 kazini malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanapokelewa.

Mvutano utakuwa hapa: atasema hakununua biashara, kanunua jengo na rafu na mafriji. Kama ni kweli, yani kanunua vitu tu na anafungua biashara yake nyingine, basi mdaiwa wenu ni yule wa zamani. Kwa hiyo kusanyeni vinavyoonyesha duka ni lilelile. Bango lilibadilika? Risiti zinatoka na jina gani? Masaplaya ni walewale, stoku ileile, duka lilifungwa hata siku moja? Pia kuna jambo ambalo watu hukosea, pengine haikuuzwa biashara bali ziliuzwa hisa za kampuni, hapo mwajiri wenu hajabadilika kabisa, kampuni ni ileile ila imepata tajiri mwingine. Fanyeni sachi URSB, ofisi inayosajili makampuni, kwa jina la kampuni, mtaona wakurugenzi ni nani na walibadilika lini.

Malalamiko waandikeni wote wawili, wa zamani na mpya. Waache wasukumane wenyewe mbele ya afisa, mtajifunza mengi. Na wale 11 wasisaini hiyo mikataba ya probesheni kimyakimya, wakiogopa kugoma basi waandike hata barua fupi kwamba wanasaini lakini miaka yao ya nyuma hawaiachi.

Shangazi nisaidie nimechanganyikiwa. Nafanya, au nilikuwa nafanya, mapokezi hoteli moja Entebbe, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umesainiwa mara nne. Nilienda likizo ya uzazi, wiki ya saba nikaletewa barua mkataba wako umeisha na hautaongezwa. Kabla sijaenda meneja aliniandikia WhatsApp "sasa na mtoto mchanga utaweza shifti za usiku kweli?" na kiemoji cha kucheka. Nimeomba wanirudishe hata kwa kazi ndogo wanasema nafasi zimejaa. – Mama Kichanga

Mwanangu, hiyo WhatsApp usiifute. Piga skrini ionekane namba na tarehe, jitumie kwa email, mpe na dada yako aiweke. Simu huibiwa, na taksi za Entebbe unazijua.

Kawaida barua kama yako huwa naijibu kwa uchungu kidogo kwa sababu mkataba wa muda maalum hufa siku yake, na mahakama zimesema mara nyingi kwamba mwajiri halazimiki kuongeza. Nne zilizopita hazikupi ya tano. Hivyo tu. Lakini wewe una mambo mawili wengine hawana.

La kwanza, sheria yenyewe inahesabu mkataba wa muda ulioisha na usiongezwe ndani ya wiki moja kwa masharti yaleyale au yasiyo mabaya zaidi kuwa ni namna ya kuachishwa kazi. Haisemi ni kuachishwa isivyo haki, inasema ni kuachishwa, hivo mlango wa kuuliza "kwa sababu gani" uko wazi. Na la pili ni hiyo sababu. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu, na kwenda likizo unayostahili si sababu halali, hizo mbili zimeandikwa wazi kwenye orodha ya sababu zilizokatazwa. Meneja kaandika kwa kidole chake mwenyewe kinachomsumbua. Wao watasema ilikuwa utani, ile emoji. Sasa waulizwe, mapokezi wenzako ambao mikataba iliisha mwaka huu, waliongezewa wangapi? Kama wote wameongezewa ila aliyejifungua, utani umeisha.

Hesabu ya likizo pia iangalie, maana hapa hoteli nyingi zinacheza. Ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, siku za kazi mama, si za kalenda. Kama unafanya siku sita kwa wiki ni wiki kumi, anaefanya tano ni kumi na mbili. Barua imekukuta wiki ya saba, kwa hiyo waulize wiki zilizobaki umelipwa? Watasema mkataba uliisha, na wewe utasema mmeumaliza kwa sababu ya likizo hiyohiyo. Aliye na mkataba unaoendelea anarudi kwenye kazi yake ileile au inayofanana isiyo na masharti mabaya zaidi, hii nawaandikia na wengine wanaosoma wenye tumbo sasa hivi, kabla ya kwenda andika barua ya tarehe unayoondoka na unayorudi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi. (Wewe ulikuwa ndo mapokezi, muhuri ungejipigia, lakini haya.)

Nenda kwa leba ofisa, na sambamba na hapo kuna Tume ya Fursa Sawa, Equal Opportunities Commission, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2007, wanasikiliza mambo ya ubaguzi kama haya na hawatozi. FIDA nao wana mawakili wanawake wanaosaidia kina mama bure, na Platform for Labour Action kazi yao ni wafanyakazi tu. Mtoto unaweza kwenda nae, ofisi hizo wamezoea. Ile kazi ndogo wanayosema haipo usiendelee kuiomba kwa meseji za kubembeleza, kila meseji ya "tafadhali bosi nisaidie" inasomeka kama umekubali uliondoka vizuri.

Shangazi mimi niliacha kazi mwenyewe 2022 nikaenda Saudia, nimerudi, bosi wangu wa zamani aliniambia nikirudi nafasi ipo, sasa ananizungusha. Nimshtaki? – Kijana wa Kawempe

Hapana. Uliacha mwenyewe, ahadi ilikuwa ya mdomo tena ya siku ya kuagana, siku hiyo hata mimi huahidi watu mbuzi. Mtu aliyeacha kwa hiari anaomba kazi kama wengine. Ingekuwa uliacha kwa sababu alikuwa hakulipi au anakunyanyasa, hiyo inahesabiwa kama kakufukuza yeye, lakini hujasema hivo, na 2022 ni mbali. Ingekuwa pia anakukataa kwa sababu ya dini, kabila, ulemavu au kwa kuwa anakudhania una virusi vya UKIMWI, hapo ni ubaguzi na Tume niliyomtajia mama wa Entebbe inakuhusu, kwenye UKIMWI ipo hata sheria yake ya 2014. Vinginevyo tafuta kwingine mwanangu.

Shikamoo mama. Nilifanya kwa klaringi ejenti mmoja Malaba, nikadai ovataimu kwa leba ofisa, wiki iliyofuata nikafukuzwa, nikarudi kwa leba ofisa tukapatana nikalipwa milioni mbili na laki tatu. Hela imeisha. Sasa nimeomba kazi hapohapo wamekataa, na kila ofisi nyingine ninayoomba hapa mpakani wanampigia yeye, anawaambia "huyo ni mtu wa kesi." Kuna sheria ya kumnyamazisha? – Mtu wa Kesi, Malaba

Marahaba, na jina umejipa mwenyewe sasa.

Nikuambie lile la kufukuzwa kwanza. Kumfukuza mtu kwa sababu kafungua malalamiko ni marufuku, kwa hiyo ulikuwa na kesi nzito kuliko milioni mbili na laki tatu, lakini mlipatana na ukapokea, nadhani hapo pameisha. Ukiniuliza kosa lilikuwa wapi, mlipatana hela tu. Siku ile mezani ndo ulikuwa na nguvu ya kusema, mbali na hela nataka barua, na nataka mkiulizwa mseme kadhaa na kadhaa na si zaidi. Waajiri hulikubali hili haraka kuliko hela kwa sababu haliwagharimu kitu. Wengine mnaosoma na bado hamjapatana, mlichukue hilo.

Kurudi palepale hakuna wa kumlazimisha. Ulinzi wa kulipiziwa kisasi kwa malalamiko unamlinda mtu aliye ndani ya kazi asifukuzwe, wewe uko nje unaomba kuingia. Kumshtaki kwa kukuchafulia jina nako, sikudanganyi, alichosema ni kweli, ulifungua kesi, na ukweli ni kinga yake. Akianza kusema uliiba kontena, hapo nipigie mbio.

Lililobaki ni hili na ni lako kwa haki. Mfanyakazi yeyote aliyemaliza kazi akiomba cheti cha utumishi, mwajiri lazima ampe. Kinasema jina lake, biashara yake, wewe ulikuwa nani pale, muda gani, mshahara wako wa mwisho. Sababu ya kuondoka haiandikwi mpaka wewe uombe, na maoni yake kuhusu kazi yako hayaandikwi mpaka wewe uombe. Usiombe. Mwandikie barua ya mistari mitatu, mpelekee na shahidi, akinyamaza rudi kwa leba ofisa yuleyule, anakujua tayari. Ukiwa na hicho cheti hutegemei simu yake, unampa mwajiri mpya karatasi, na kwenye fomu penye jina la mdhamini weka supavaiza aliyekuwa anakuona ukifanya kazi usiku malori yamepanga mstari mpaka barabarani, yule ambae nae ameshahama. Malaba ni ndogo, ndio, lakini Busia ni mwendo wa boda na taksi moja tu na kule ejenti ni wengi.